Kisanduku cha Kukataa

Kwa miaka sita nilikaa chumba kimoja na Tusekile Mwaisumo katika hospitali moja ya hapa Kyela, meza yangu dirishani, yake ukutani. Mimi ni mtunza majalada ya wagonjwa. Yeye alikuwa mtu wa kompyuta, tena wa pekee tuliyekuwa naye. Hospitali ilikuwa na kompyuta kumi na tisa, zote zimeungwa kwa waya kwenye seva moja iliyokaa chumbani kwetu juu ya matofali, kwa sababu hapa mvua ya masika ikizidi maji huingia hadi ndani ya nyumba.

Naandika habari hizi kwa sababu mjini zilisemwa vibaya. Wako waliosema Tusekile alimnyima mtu damu kwa kiburi cha ofisi. Wako waliosema ni mkono wa mtu. Mimi nilikuwapo kwa sehemu kubwa, na yale ambayo sikuyaona aliniambia mwenyewe.

Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, sauti ndogo, mwendo wa haraka. Hata alipoitwa kwa hasira, akifika mlangoni alibisha hodi kwanza, akasalimu, "Mugonile," ndipo akauliza shida ni nini. Na shida karibu kila siku ilikuwa ile ile. Mtu anafungua folda ya idara yake kwenye mtandao, kompyuta inamjibu kwamba hana ruhusa. Muuguzi amehamishwa wodi na folda ya wodi mpya haimtambui. Daktari amerudi kutoka masomoni, jina lake limeshafutwa. Tusekile aliketi, akatazama jina la mtu liko katika kundi gani na kundi hilo limepewa nini, akarekebisha, akaondoka. Ukimshukuru alijibu "ndaga", yaani asante, kana kwamba wewe ndiye uliyemsaidia. Aliwahi kuniambia kwamba watu hudhani kazi yake ni kufungua, kumbe nusu ya kazi hiyo ni kufunga, na hiyo nusu ya pili hakuna anayeishukuru.

Kwao ni Makwale. Baba yao alikufa mapema, mama akawalea mabinti wawili kwa kakao na mpunga. Aliwapa majina ya shukrani, Tusekile kwa kuwa walifurahi, Atupele kwa kuwa Mungu aliwapa tena. Miaka sita iliwatenganisha. Tusekile ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni mama alipokuwa shambani, na ndiye aliyemfundisha kusoma. Atupele alipoolewa Matema na Eliya, mfanyabiashara Mkisi wa huko ziwani aliyekuwa akivuka kwenda Karonga, Malawi, na kurudi, Tusekile alilia wiki nzima halafu akaanza kwenda Matema kila mwisho wa mwezi.

Yeye mwenyewe hakuolewa. Sikumwuliza kwa nini.

Atupele alipoteza mimba mbili. Ya kwanza ilitoka bila mtu kujua sababu. Ya pili ilipotoka, wakaambiwa kwamba damu yake ni ya kundi la O hasi, ambalo watu wenye nalo huku kwetu ni wa kuhesabika, na kwamba haikupatana na ya watoto aliowabeba. Mimba ya tatu ilipofika mwezi wa saba ikiwa salama, Tusekile alianza kununua nguo za kichanga. Alizificha kwenye droo ya meza yake ofisini, kwa sababu mama yao hakutaka nguo zinunuliwe kabla mtoto hajalia. Mchana tukiwa wawili alizitoa, akazikunjua, akazikunja tena.

Sasa nieleze jambo lililotangulia, kwa sababu bila hilo mengine hayaeleweki.

Alhamisi moja ya mwezi wa nne, mwanafunzi mmoja aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo alifungua folda ya maabara, akapiga picha majibu ya vipimo vya mama mmoja muuza mchele, akamtumia rafiki yake. Kufikia alasiri picha ilikuwa imezunguka soko zima. Yule mama alikuja hospitali, akasimama mbele ya ofisi ya mganga mfawidhi, Dokta Ambrose, kanga ameivuta hadi machoni. Alisimama tu, mpaka Dokta Ambrose mwenyewe akatoka na kumshika mkono.

Baadaye Dokta alimwita Tusekile. Alimwambia afunge folda zote za maabara, mwanafunzi asione hata moja. Akamwambia pia kwamba paswedi ya msimamizi, ile inayofungua kila kitu, isitoke kinywani mwake kwa mtu yeyote, kwa sababu yoyote ile. Tusekile aliandika barua ya kukubali na kutia saini. Alirudi chumbani amejiinamia. Alikuwa akimfahamu yule muuza mchele.

Ijumaa alifanya alichoagizwa. Nilimwona akifanya. Kila folda iliyo kwenye mtandao ina orodha ya makundi ya watu, na mbele ya kila kundi kuna visanduku viwili, kimoja cha kuruhusu na kimoja cha kukataa. Kwa kawaida Tusekile alitumia kile cha kuruhusu peke yake. Usiporuhusiwa, huingii, yatosha. Lakini siku hiyo alitaka kuwa na hakika kabisa. Kwenye folda kuu ya maabara, mbele ya kundi la wanafunzi, aliweka alama kwenye kisanduku cha kukataa, na alama hiyo ikashuka hadi kwenye folda zote zilizomo ndani. Alijua kanuni yake. Mtu akiwa katika makundi mawili, moja limeruhusiwa na jingine limekataliwa, kompyuta hufuata lililokataliwa. Kukataa hushinda.

Alichosahau ni Dickson. Huyu alikuwa kijana wa maabara aliyefanya mafunzo kwetu, kisha tukamwajiri tarehe mosi ya mwezi ule ule. Tusekile alimwingiza kwenye kundi la watumishi wa maabara siku alipoanza kazi. Kumtoa kwenye kundi la wanafunzi alipanga kufanya baadaye, na baadaye ile haikufika. Ijumaa ile na Jumamosi yake Dickson alikuwa mapumziko, hivyo hakuna aliyegundua.

Ndani ya folda ile kuu kulikuwa na folda ndogo iliyoitwa Dharura. Humo ndimo ilimokaa orodha ya watu wenye damu adimu, walioridhia kuitwa saa yoyote, majina na namba zao za simu. Zamani orodha hiyo ilikuwa kwenye daftari, lakini mafuriko ya mwaka juzi yalilivuruga daftari likawa uji, na Tusekile ndiye aliyetafuta watu wale upya mmoja mmoja na kuwaandika. Walikuwa tisa.

Jumapili Tusekile alikwenda Ngana, kanisani, ambako mtoto wa rafiki yake alikuwa akipata kipaimara. Simu aliizima sauti na kuiweka kwenye pochi. Ibada ilipoisha, karibu saa tano na nusu, alikuta amepigiwa mara kumi na moja na simu ya maabara. Alipiga akiwa amesimama chini ya upenu wa kanisa, mvua inanyesha.

Dickson alimweleza haraka. Kuna mzazi ameletwa wodini, amejifungua, damu haikatiki. Anahitaji O hasi na jokofu la damu halina hata chupa moja ya kundi hilo. Yeye Dickson yuko peke yake zamuni, na amejaribu kufungua folda ya Dharura tangu saa nne na nusu, inamwambia hana ruhusa. Mkuu wa maabara amevuka kwenda kuzika Karonga na simu yake haipatikani. Dokta anasema kumpeleka Mbeya haiwezekani, hatafika.

Tusekile aliniambia kwamba alielewa kosa papo hapo, kabla Dickson hajamaliza. Aliliona kundi, akakiona kisanduku. Lakini mtandao wetu ni wa ndani, hauguswi kutoka nje ya hospitali. Ilikuwa lazima mtu akae mbele ya seva.

"Dada, nitajie paswedi ya msimamizi," Dickson alisema. "Nitafungua mwenyewe, halafu uibadilishe ukija."

"Siwezi, Dickson. Nakuja. Nusu saa nitakuwa hapo."

"Dada, huyu mama anaisha."

"Nakuja sasa hivi."

Hakuuliza jina la mgonjwa, na Dickson hakulitaja. Kwenye karatasi ya maabara alikuwa ameandikwa Atupele Eliya, kwa jina la mumewe, na Dickson, mgeni wa siku kumi na nane, hakujua kwamba dada wa kompyuta ana mdogo wake Matema. Uchungu ulikuwa umemshika Atupele wiki tatu kabla ya siku zake. Eliya alimleta kwa gari la kuazima, na wakati wa kumsaidia kuvuka mahali barabara ilipokuwa imekatwa na maji, simu yake ilitumbukia. Alipofika alimwuliza mlinzi kama shemeji yake Tusekile yupo. Mlinzi akamjibu kwamba leo Jumapili, watu wa ofisi hawapo. Basi akaketi kwenye benchi.

Tusekile alipanda bodaboda. Barabara ya kutoka Ngana ilikuwa tope tupu. Mara mbili pikipiki ilianguka, mara moja alishuka akaisukuma pamoja na dereva, gauni lake la kanisani limelowa hadi magotini. Nusu saa aliyoahidi ikawa dakika hamsini na mbili. Njiani, aliniambia, alikuwa akimfikiria yule muuza mchele, akijisemea kwamba hawezi kutaja paswedi ile kwa simu, mbele ya watu, siku tatu tu baada ya kutia saini. Alijiona anafanya jambo la haki lililo gumu.

Mimi nilikuwa kazini, maana wodi zilikuwa zimejaa na majalada yalihitajika. Nilimwona akiingia anadondosha tope. Mara hii hakubisha hodi. Aliketi mbele ya seva, akamtoa Dickson kwenye kundi la wanafunzi, akaondoa na ile alama kabisa, akamwambia Dickson atoke kwenye kompyuta kisha aingie upya. Folda ikafunguka. Jambo zima halikuchukua hata dakika mbili.

Mtu wa kwanza aliyepokea simu alikuwa Jubilate, mwalimu wa Makwale. Alikuwa mezani na wanawe, akaacha chakula, akaja na pikipiki yake mwenyewe. Alifika baada ya dakika ishirini na tano, akalala kitandani, akakunja shati. Wakati damu yake inaingia kwenye mfuko wa damu, Tusekile aliniaga kwamba anakwenda wodini kuwaambia kuwa damu imepatikana. Alikuwa na furaha, sitaficha. Ilikuwa furaha ya mtu aliyewahi.

Nilimfuata kwa sababu nilikuwa na jalada la kupeleka. Kwenye benchi nje ya wodi ya wazazi aliketi Eliya, kitenge cha Atupele kimekunjwa magotini pake. Tusekile alisimama. Aliniambia baadaye kwamba kwanza alidhani Eliya amekuja kumtembelea yeye.

"Shemeji," alisema, "mbona uko hapa?"

Eliya alimtazama kama mtu aliyeamshwa. Kabla hajajibu, mkunga alitoka, akatuona sote watatu, akarudi ndani na kumwita Dokta Ambrose. Dokta alikuja akivua glovu. Hakuhitaji kusema mengi. Alisema mtoto ni mzima, ni wa kike, ana kundi la damu la mama yake. Kisha akasema mama ametuacha, dakika chache zilizopita.

Tusekile alikaa chini sakafuni, pale pale, akashika miguu ya Eliya. Kwenye maabara, Mwalimu Jubilate alikuwa bado amelala, damu yake inaendelea kutoka kwa ajili ya mtu ambaye hakuwapo tena.

Tulimzika Matema, upande wa milimani, kwa kuwa ndiko kwa mume. Mvua haikukatika. Tusekile alikaa na wanawake msibani siku tatu, akapika, akachota maji, akawalaza watoto wa wengine. Mama yao alikuwa amelala tu mkekani, na kila Tusekile alipomkaribia alimkamata mkono na kumwambia mbele ya watu, "Umebaki wewe." Kila alipoambiwa hivyo, alitoka nje. Wakati huo alikuwa bado hajamwambia mtu. Hata mimi sikujua yale ya simu. Nilijua folda iligoma ikafunguliwa, basi.

Wiki iliyofuata kikakaa kikao cha kupitia kifo, kama inavyofanyika mzazi akifia hospitali. Tulikuwa kama kumi na wawili. Dokta Ambrose alieleza tangu mgonjwa alipoingia. Mwili wake ulikuwa umekwisha kuikataa damu chanya tangu zile mimba za kwanza, kwa hiyo hakuthubutu kumwekea iliyokuwapo. Alisema hata kama damu ingefika saa moja mapema asingeweza kuapa kwamba angepona, wala asingeweza kuapa kwamba angekufa. Kisha maneno yakamgeukia Dickson. Mmoja akauliza kwa nini mtumishi hajui kufungua folda ya idara yake. Mwingine akasema vijana wa siku hizi wanaajiriwa kabla hawajaiva. Dickson aliinama tu, mikono kati ya magoti. Alikuwa hajajitetea hata kidogo, kwa sababu mgonjwa alikuwa mdogo wake Tusekile na aliona aibu kumtaja dada mtu.

Tusekile akasimama. Alisema kosa si la Dickson. Alieleza makundi mawili na kile kisanduku, taratibu, kama alivyokuwa akituelekeza siku zote. Kisha akasema, "Aliniomba paswedi nikamnyima. Alinyoosha njia, nikaiziba. Kama angeniambia ni Atupele, ningeitaja pale pale."

Dokta Ambrose alivua miwani. Alisema agizo la kutotaja lilikuwa lake, na waandike hivyo. Tusekile alijibu kwamba waandike yote mawili.

Kwa yale maneno, kama angeniambia ni Atupele, ndipo nilipoelewa kilichokuwa kikimla. Kosa la kundi mtu yeyote angeweza kulifanya. Lakini alikuwa amejigundua. Kwa mgonjwa asiyemjua alishika kanuni, kwa mdogo wake angeivunja bila kupepesa macho, na yule asiyemjua ndiye aliyekuwa mdogo wake. Aliniambia hayo tukitembea kuelekea stendi.

Siku hiyo hiyo alitaka kwenda Makwale kumwambia mama yake, akaniomba nimsindikize. Tulimkuta anaanika kakao, akizitandaza mbegu kwa kiganja. Kichanga kilikuwa kwenye kapu kivulini, kimelala. Tusekile alipiga magoti, akaeleza yote, hakuacha hata neno moja. Mama aliendelea kutandaza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Hilo neno ulilolificha, lilikuwa neno gani?"

Tusekile alimtajia. Zilikuwa herufi na namba zimechanganywa, hazina maana yoyote.

"Ndiyo hilo tu?"

"Ndiyo hilo tu, mama."

Mama alipangusa viganja vyake. Akasema, "Mtoto anaamka, kamwangalie." Hakuwahi kulizungumza tena. Sijui kama kule kulikuwa kusamehe. Tusekile naye hakujua, na hakuthubutu kuuliza.

Kwa Eliya alikwenda peke yake. Aliniambia alimkuta ufukweni Matema, kwenye mawe, anafunga mizigo ya kuvusha. Alimsikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, Eliya alisema, "Nilikuwa nimekaa kwenye lile benchi, shemeji, nikijisemea moyoni, laiti Tusekile angekuwapo, angefanya jambo." Akarudi kwenye mizigo yake. Baada ya hapo hakuzungumza naye karibu mwaka mzima.

Hospitali ilimpa barua ya onyo. Hawakumfukuza, maana hapakuwa na mwingine, na nadhani Dokta Ambrose asingekubali. Aliichapa orodha ya wachangia damu, nakala moja akaibandika maabara, nyingine wodi ya wazazi, nyingine kwa mlinzi. Kila tarehe mosi alizunguka idara zote na karatasi mkononi, akiuliza nani amekuja, nani amehama, nani ameondoka. Alikuwa mpole kuliko zamani, na watu walianza kumwogopa, kama watu wanavyomwogopa mtu mwenye kidonda.

Akahamia Makwale kwa mama yake kwa ajili ya mtoto. Bibi alimpa jina la Tupokigwe, yaani tumeokolewa. Asubuhi Tusekile alimwogesha, akamwachia bibi maziwa, akaja kazini. Jioni aliondoka mara tu saa ikifika, na kama kompyuta ya mtu imegoma saa kumi kasoro dakika tano, aliitengeneza kwanza, lakini miguu yake chini ya meza ilikuwa haitulii. Mtoto alikua vizuri. Alianza kutambaa mapema, akajifunza kuingia chini ya vichanja vya kuanikia kakao na kutoka upande wa pili anacheka. Alipoanza kusema, neno la kwanza alilosema akimtazama Tusekile lilikuwa "mama". Tusekile alimsahihisha, "Mama mkubwa." Mtoto akasema tena "mama". Nilikuwapo siku hiyo. Tusekile aliingia ndani, akakaa huko muda mrefu.

Mwezi wa tatu mwaka uliofuata, Eliya alikuja Makwale pamoja na dada yake anayekaa Karonga. Alikuja kumchukua mwanawe. Dada yake alikuwa na nyumba na watoto, na yeye Eliya alikuwa akihamishia biashara yake ng'ambo. Mama aliomba aachiwe mjukuu hata mwaka mmoja zaidi. Eliya alimjibu kwa heshima, mikono nyuma, kwamba haiwezekani. Tusekile hakuomba. Alitafuta cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, akaviweka kwenye mfuko wa nailoni, akaandika kwa mkono wake saa za kulala na vyakula vinavyomfunga tumbo.

Mimi na Tusekile tuliwasindikiza hadi Kasumulu, mpakani. Watu walikuwa wengi, magunia, ndizi, pikipiki. Wakati dada mtu amepanga foleni dirishani, Eliya alimsogelea Tusekile. Mtoto alikuwa mgongoni kwa Tusekile, amelala.

"Simchukui kwa hasira, shemeji," alisema. "Hasira iliisha. Ila kila nikimwona mikononi mwako, nahesabu dakika."

"Nami nazihesabu," Tusekile alijibu.

Akafungua kitenge. Mtoto aliamka wakati wa kupokezanwa, akamtazama shangazi yake mgeni, akamtazama Tusekile, hakulia. Alishika ushungi wa yule mwanamke akaanza kuuchezea. Wakavuka. Tusekile alisimama pale mpaka walipochanganyika na watu wengine upande wa pili, na hata baada ya hapo alikaa anaangalia, kwa sababu mara mbili alidhani amemwona.

Tuliporudi Makwale jua lilikuwa bado kali. Mama alikuwa amekuta gauni dogo na soksi moja zimesahauliwa kwenye kamba. Alikuwa amezifua tena ingawa zilikuwa safi, amezianua, amezikunja, na amekaa nazo mapajani mlangoni. Tusekile alikaa chini kando yake. Mama hakumtazama, lakini alisogea kidogo kumpa nafasi.